Mgongo wa Steringi

Mia tano yangu niliitoa kwa moyo mweupe
pale banda umiza la Songoro, Mwanga, nyuma ya wauza migebuka,
kwa kuwa picha mlangoni ilikuwa yake:
Hamduni Lukosi, bwana wa machozi,
aliyetuliza, kwa maana zote mbili,
aliyezika wake watatu katika filamu nne,
na jeneza la tatu lilipotoka
Bi Tausi wa Katubuka alitandika khanga pale pale akakaa matanga.

Safari hii wamempa bastola.
Wamempa miwani myeusi, na utani.
Jamani, utani!
Sauti ile ya kusomea wasia
inamwambia jambazi, "Leo utakula ngumi, na chenji sina,"
banda zima likanyamaza.
Mtu mmoja nyuma akasema, "Pole."

Anakimbia kama anayetafuta choo ugenini.
Anapiga teke, teke linafika kesho.
Jambazi anaanguka kabla hajaguswa,
kwa adabu, kama mkwe.
Kisha anapita mbuzi
asiye na kazi yoyote katika hadithi,
halafu anapita tena.
Hata Gwimo, mfasiri wetu,
anayeweza kutia chumvi Ziwa Tanganyika likakolea,
alizima maikrofoni akaanza kula karanga.

Ilikuwa kwenye paa la ghorofa.
Nilishavaa kandambili niondoke.
Steringi akaruka,
na hakuwa yeye, hata mtoto angejua,
kiuno kilikuwa kimepungua kilo thelathini.
Wigi likapanda kidogo.
Nyuma ya shingo, chini ya sikio la kushoto,
kovu, refu kama kidole.

"Bukuru!"
Sijui kama ni mimi niliyepiga kelele.
Bukuru wa mama Nyamwiza, kule Gungu,
aliyemwagikiwa mawese ya moto tukiwa darasa la tatu,
aliyepanda treni kwenda Dar na begi la kuazima.
Begi ni langu. Mpaka leo halijarudi.

Banda likaamka.
Gwimo akatema karanga, akawasha maikrofoni,
akamtupa Hamduni pamoja na hadithi yake,
akautangaza mgongo:
"Anaruka mtoto wa Gungu! Anaanguka... haanguki!
Uso wamekodi, mgongo wa kwetu!"
Na kila uso wa Hamduni uliporudi, mpana, umepakwa poda,
tulizomea, tukidai kisogo.

Majina yalipoanza kupanda
Songoro akanyoosha mkono azime,
jenereta hainywi dizeli kwa ajili ya majina.
Tukamshika mkono.
Yakapita mbio, madogo kama dagaa:
mpishi, dereva, mwenye mbuzi.
Mwenye mbuzi yumo.
Bukuru hatukumwona.
Labda tulipepesa.

Kesho yake, saa nane, nilimleta mama yake, nikalipa mimi.
Alilitazama paa lile, akauliza
mbona hawamgeuzi.
Sikuwa na jibu, nikamnunulia soda.
Hamduni alikuwa ameanza tena kuchekesha,
chenji hana, ngumi anazo,
na mama Nyamwiza, peke yake banda zima,
akacheka,
taratibu, kwa heshima,
kama mtu aliyekaribishwa nyumbani
kwa tajiri wa mwanawe.