Mapigo Matatu

Aprili, Oklahoma. Redio ya betri
imelala kati yao kama mtoto mgonjwa.
Orrin amevua masikio yake ya plastiki;
usiku Verlene husikia kwa niaba ya wawili.

Sauti inasoma majina ya wilaya
bila haraka, kama karani wa mahakama.
Mkono wake u begani mwa mume:
pigo moja, lala;
matatu, handakini, na viatu usisahau.

Mwaka ule walidhani king'ora kinajaribiwa.
Banda likaokotwa shamba la tatu,
kuku mmoja ndani,
hai, hana unyoya.

Sasa wilaya yao imetajwa.
Vidole havijagonga bado,
na Orrin ameketi, anafunga kamba za viatu.
"Mkono wako," anasema, "umeacha kupumua."