Karafuu Zimezidi

Kila Desemba, theluji ikishafunga njia ya nyuma,
Reino Saarela hutuita gerejini kwake kuonja.
Hupiga simu, sentensi mbili tu:
"Imeiva. Vaeni soksi nzito."

Tuko wanne, kama miaka yote:
Dolores wa maktaba, aliyevua glavu moja,
Wendell fundi bomba, asiyeweza kunyamaza hata kanisani,
mimi niliyetoka zamu ya posta, bega limekwenda upande,
na Reino mwenyewe kando ya jiko la kuni,
taulo begani kama mkunga.

Nje, Ziwa Superia linaguguna barafu yake.
Hapa Marquette, saa kumi na moja jioni ni usiku wa manane.

Kifuniko kikatoa pumzi.
Ikamiminika bila haraka,
nyeusi kama mafuta ya injini yaliyopitiliza muda,
povu lake rangi ya kaki
likapanda, likajifikiria, likatulia.
"Stauti ya kifalme," husema Reino kila mwaka,
"na mfalme hanywewi kwa pupa."
Kila mwaka hucheka. Tukacheka.

Nikanusa kwanza, kama alivyotufundisha.
Kahawa iliyonusurika kuungua.
Mkate mweusi. Zabibu kavu
zilizosahaulika mfukoni mwa koti la mwaka jana.
Ganda la chungwa, kwa mbali.
Mdalasini, kungumanga iliyokunwa kidogo,
halafu

karafuu.
Karafuu mlangoni, karafuu sebuleni,
karafuu imekalia kiti cha kila mgeni.
Ulimi ukafa ganzi pembeni,
palepale mama alipokuwa akinibania pamba
usiku nikililia jino.

Nikameza. Joto likashuka kifuani
kama mtu ashukaye ngazi gizani, akipapasa ukuta.
Asilimia kumi na mbili; haikupotea njia.
Ila ile karafuu ilibaki juu, imeshika taa.

Nikamtazama Dolores.
Dolores akatazama kalenda ya duka la matairi.
Wendell alikuwa anahesabu mapovu.

Yakanijia mambo madogomadogo:
Oktoba, maziwa yaliyochacha aliyotutilia kwenye kahawa,
yangu nikaimwaga sinki, yake akaimaliza.
Juzi jikoni, gesi ikivuja, nikaingia nikipiga kelele,
naye akageuka taratibu: "Gesi gani?"
Na ile homa ya Machi iliyomlaza wiki tatu,
tukaambiwa imeondoka.
Imeondoka, ndiyo.
Kumbe haikuondoka mikono mitupu.

"Vipi?" akauliza.
Daftari gotini, kalamu tayari,
ukurasa una mwandiko wa miaka kumi na saba:
iliki, punje sita; tangawizi, kidole gumba; karafuu, saba.
Mwaka huu, mbele ya karafuu,
namba imeandikwa, ikafutwa, ikaandikwa,
mpaka karatasi imetoboka.

"Ulitia ngapi, Reino?" Dolores, kwa sauti ya maktaba.

"Nilisema nitatia mpaka nisikie harufu."
Akafunga daftari.
"Sikusikia."

Kuni zikalia mle jikoni.
Mtu angeweza kusema pole; hakuna aliyesema.
Wendell akanyoosha glasi:
"Niongeze. Gego langu linaniuma tangu Jumanne,
sasa hata silikumbuki liko upande gani."
Reino akamtazama, akatutazama sote,
kisha kicheko kikamponyoka puani,
pua ileile.

Akajimiminia. Akafumba macho, akanywa,
akaacha bia imkae kinywani muda mrefu
kama anayesubiri hodi.

"Nzito," akasema. "Uchungu naupata. Utamu naupata.
Haya mengine niambieni."

Tukamwambia, kwa zamu, tukikatizana:
kahawa, mkate, zile zabibu na koti lake.
Mdalasini tulibishana.

"Na chungwa?" akauliza, macho bado kayafumba. "Chungwa lipo?"

Lilikuwa mbali, mbali sana.
"Lipo," nikasema,
nikalisogeza karibu.