Hundi Huiva Lini

Miaka kumi na tisa, saa nne za usiku,
Ishbel Geddes alishuka chumba cha chini cha benki, Dundee,
magunia ya hundi yakitoka garini na theluji mabegani,
akailisha mashine, bunda kwa bunda,
vidole vyeusi kwa wino wa sumaku.

Hundi iliiva kwa siku tatu.
Siku tatu mtu aliweza kujuta, kukopa,
kukimbia na noti kiganjani kabla haijadunda.

Sahihi alizijua kuliko nyuso.
Bwana Lorimer, muuza makaa: L yake ilikuwa kulabu.
Februari kulabu ikaanza kutetemeka.
Machi ikalala.
Ishbel alijua kabla ya mke wa Lorimer,
akaipitisha, akanyamaza.

Tawi lile siku hizi linauza keki;
ndani ya kasha la chuma wanaweka unga.

Leo yuko jikoni, birika motoni.
Hundi ya dadake Una, pauni arobaini, zawadi ya kuzaliwa
(Una hajui kutuma pesa ila kwa stempu)
ameilaza mezani, simu imeinama juu yake.
Sogea, simu inasema. Ongeza mwanga. Usitikisike.
Mkono hautulii kama zamani.
Mara ya nne simu ikaridhika,
na pesa zikaingia kabla maji hayajachemka.

Hakuna aliyeisoma.

Imebaki karatasi tu. Angeichana.
Lakini anaivalia miwani, anaipeleka dirishani:
ile G ya ukoo wao, mkia wake mrefu wa majivuno —
mkia haupo.

Birika linapiga mbinja. Analiacha.
Anatafuta namba ya Una.