Unga Juu ya Ngoma

Mchana nasaga. Hiyo si siri Kaptembwo:
debe shilingi hamsini, ukitaka kukoboa ongeza ishirini,
na nywele zangu zimezeeka kabla yangu.
Usiku, Mama Nyokabi akishafunga daftari la madeni,
twasukuma magunia ukutani yameze mwangwi,
twatoa ngoma nyuma ya pipa la pumba.

Tuko watatu.
Jebiwott na gitaa aliloliuziwa na kanisa moja la Shabab
lililohamia kinanda;
njiwa mweupe wa kubandikwa angali shingoni mwake, mbawa moja imebanduka.
Okwaro na besi, na koo. Fundi wa redio huyu, Bondeni,
kikuza sauti chetu alikiunda
kwa matumbo ya televisheni iliyokufa.
Na mimi Simwa, mwenye ufunguo.

Roki, twasema tukiulizwa.
Watu hungoja tumalizie sentensi.
Ya kanisa? La.
Ya Wazungu basi.
Mzungu gani amewahi kulala njaa
na unga umejaa masikioni?

Hatuna kifaa cha kutegea nyuzi.
Ila mashine ikiwashwa tupu, bila punje,
hutoa sauti moja, ndefu, nzito,
kama mtu anayetafuta jina lililomtoka.
Jebiwott huisogelea, anakaza, analegeza,
mpaka uzi na chuma viwe ndugu.
Nazima.
Twaanza.

Nikipiga, unga unaruka.
Bendi zenye pesa hununua moshi;
wetu hupanda wenyewe kutoka ngozini
na hautui hadi wimbo wa pili,
juu ya kope za Okwaro, aimbaye macho wazi.
Anakohoa.
Kikohozi tumekiacha humo humo.

Nyimbo sita, miezi minane.
Ule wa tatu tuliurekodi mashine ikisaga,
maana mama mmoja alibisha saa nne usiku
na kilo nne, nyumbani kwake wamelaza maiti,
na humwambii mwenye msiba
asubiri kiitikio kiishe.
Katikati ya ubeti umeme wa mtaa ukalegea.
Taa ikawa rangi ya chai.
Mashine ikashuka, nusu sauti hivi,
na Jebiwott akashuka nayo, kidole kikiteleza juu ya uzi,
hata leo sijui nani alimfuata mwenzake.
Mama alisimama na karai lake.
Hakucheza, hakuziba masikio.
Akapokea unga ungali moto,
akasema, poleni na kazi,
akaenda.

Tuliitoa Alhamisi, saa sita usiku,
bando za usiku ndizo tunazozimudu.
Hakuna kampuni, hakuna meneja,
kuna shemeji ya Okwaro na mia tatu zake
ambazo tayari anazidai.
Jina la albamu: Kilo Nne.

Kulipokucha, imesikilizwa mara kumi na tisa.
Kumi na mbili ni mimi, chini ya blanketi.
Mama Nyokabi aliivumilia dakika moja,
akauliza tunagombana na nani.
Kisha, nikiwa nafagia, ujumbe kutoka Maseno,
mtu nisiyemjua hata kwa jina la utani:
Ule wa tatu. Chini kabisa kuna ala inanguruma.
Yaitwaje? Yauzwa wapi?

Nikaandika chapa ya mota. Nikafuta.
Nikaandika habari za karai, za taa, za yule mama
ambaye sikumuuliza alifiwa na nani.
Nikafuta hizo pia.
Foleni ilishafika kwa muuza makaa,
mtu ananigongea debe kwa ukucha, tatata, tatata,
nje ya mapigo kabisa.

Njoo na mahindi, nikamjibu,
nikavuta swichi.

Bado iko chini kidogo,
tangu usiku ule.