Daftari la Mawe

Mwaka ule mvua ilipolowesha daftari la madeni,
wino ukayeyuka, majina yakawa maji ya bluu,
shangazi Holo hakulia. Alisema: turudi njiani,
Mabatini hadi Mwaloni, kwa miguu.

Jiwe la kwanza, lile lililobeba choo cha Lugembe:
hapo alimkalisha Milembe, madebe mawili ya dagaa.
Hakukaa hivi hivi. Kanga imelowa, amenuna,
dagaa wazima wanamtambaa mabegani.
"Kitu kikitulia kichwani," alisema, "kinalala."

Jiwe lenye ufa: ndani ya ufa, Bugumba na ndoo ya sato,
anatoa kichwa tu, kama kenge.
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Elfu kumi na mbili, Bugumba. Hajalipa hadi leo.

Mimi nilikuwa na simu. Nilipiga picha kila kitu,
na sikuona kitu.
Akaniziba macho kwa kiganja chenye magamba:
"Aliyetupita sasa hivi, ameshika nini?"
Mwamvuli, nikasema.
Ulikuwa mguu wa meza.
"Umeona ulichozoea."

Tangu siku hiyo sisemi ndege.
Nasema mnandi, ameanika mabawa juu ya mwamba,
la kushoto lina pengo la unyoya mmoja.
Jioni, nikiosha vyombo, najiuliza:
la kushoto, au la kulia?
Najiuliza kesho yake. Halafu naacha wiki ipite.
Wavu hushonwa pale ulipoachia,
si pale unapong'aa.

Lakini liko hili, na shangazi hakunipa jiwe lake.
Asubuhi baba alipopanda boti kwenda Ukara
naliona shati lake, la kijani, hadi vifungo.
Mama anasema lilikuwa jeupe; alilifua mwenyewe.
Nimelisimulia mno. Sangara mmoja mnene
amewameza furu wote waliokuwa pale:
harufu ya petroli, neno alilosema,
mkono upi aliuinua.

Juzi wamelipasua jiwe lenye ufa, wanataka kokoto.
Nikasimama kwenye vumbi nikimtafuta Bugumba.
Yupo. Hewani, palepale,
anatoa kichwa, ndoo mkononi.

Nimenunua daftari jipya.
Ukurasa wa kwanza nimeandika:
kijani, au jeupe.
Sijui.