Mikate Tisini na Saba

Januari, ghorofa ya tatu, ofisi ya wilaya
karibu na mto Danubi. Kipasha-joto kinakohoa.
Rumyana Tsolova, koti mwilini, glovu moja,
amechora nguzo tano kwenye skrini:
vijiji vitano, watu waliobaki baridi hii,
ili gari la mkate lijue lishushe nini, wapi.

Kosovets, arobaini na mmoja.
Lipnitsa, kumi na wawili.
Drenovitsa, thelathini na wanne.
Kamenyak, tisa.
Gorna Vrana, mmoja.

Bwana Grozdev akachungulia begani pake,
harufu ya kahawa ikimtangulia:
"Jumla iko wapi? Mkuu hasomi vijiji.
Mkuu husoma jumla."

Basi akaiongeza.
Nguzo ya sita ikapanda kama bomba la moshi,
na zile tano zikanywea miguuni pake.
Gorna Vrana ikawa uzi, ikawa vumbi.
Akajaribu kulifuta kwa kitambaa.

Haba na haba hujaza kibaba, ni sawa.
Lakini kibaba kikishajaa,
nani huulizia haba?

Akaibomoa nguzo ya sita.
Jumla akaiandika pembeni, tarakimu tupu,
rangi ya kijivu, isimzibie mtu jua.
Kisha akavipanga vijiji kwa mabonde,
kila bonde na jumla yake ndogo:
Bonde la Juu, hamsini na watatu;
Bonde la Mto, arobaini na watatu;
Bonde la Kunguru,
mmoja.

Hapo akacheka peke yake.
Tsveta wa Gorna Vrana, mfuga nyuki,
mmoja kwenye safu ya kijiji,
mmoja kwenye jumla ndogo ya bonde,
na tumboni mwa jumla kuu, mmoja tena.
Tangu shule ifungwe
hajapata kuwa na wenzake wengi hivyo.
Kanuni inasema: kinachojirudia, kifute.
Rumyana akamwachia Tsveta wenzake.

Ila jumla kuu ilikataa kukaa.
Kompyuta: tisini na sita.
Kidole chake kikishuka safu kwa safu: tisini na saba.
Akarudia kwa penseli. Akarudia kwa sauti.
Vipande vilizidi kitu kizima kwa mtu mmoja,
kama picha ya familia
yenye mkono usio na mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni, nje giza totoro,
akampata kwa namba ya kitambulisho:
Asparuh Minkov, fundi wa pampu.
Jumatatu hadi Alhamisi yuko Lipnitsa, nyumba ya baba yake;
siku zilizobaki Drenovitsa, kwa mjane Stanka.
Kila kijiji kilimhesabu, na kila kijiji kilisema kweli.
Kompyuta ikaona ni yule yule, ikamhesabu mara moja.
Nayo ilisema kweli.

"Mtoe Lipnitsa," Grozdev akasema, kofia kichwani tayari.
"Hesabu ifunge, twende."
"Jumatatu atakula nini?"
"Basi mtoe Drenovitsa."
"Stanka utamwambia wewe?"
Grozdev akaitazama saa yake, akauzungusha mlango.

Chini ya chati, kwa herufi ndogo, Rumyana akaandika:
*Jumla ya vijiji inazidi jumla ya watu kwa mmoja. Si kosa.*
Na kwenye karatasi ya mwoka mikate, bila maelezo:
mikate tisini na saba.

Alikuwa ameshika swichi ya taa
alipokiona kile alichokizunguka tangu asubuhi.
Kamenyak, tisa.
Mwaka jana, kumi.
Wa kumi alikuwa akimpelekea nyanya za chupa,
kila chupa imebandikwa tarehe
kwa mwandiko unaolala kushoto,
kama wake.