Futi Tano

Chumba changu kina mizani, kitanda cha karatasi,
na dirisha linalotazama maegesho ya malori.
Oktoba, mavuno ya viazi sukari, Nebraska magharibi:
wanaingia na udongo wa mashamba kwenye visigino
na harufu ya kiwanda iliyogoma kutoka jaketini.

Huko nje wanafundishana.
Kahawa usiguse tangu jana.
Meza siki kijiko kimoja, presha itatulia.
Mfikirie mkeo. La, mkeo usimfikirie!
Kicheko chao hufika kwangu kabla yao.

Delmar Reifschneider, miaka sitini na minne.
Amebeba ng'ombe, amebeba mahindi,
na mara moja kanisa zima la mbao,
vipande viwili, polepole, hadi Gering.
Kikopo cha mkojo kakifunika kwa kofia
kama mtu aliyeiba yai.

Sukari, hamna.
Presha, mia moja thelathini na nane kwa themanini na nne;
nilipima mara mbili, mkono wa kwanza ulikuwa ukibishana nami.
"Unakoroma?"
"Muulize Arlene."
Arlene tulimzika Machi.
Kile kisanduku nikakiacha wazi.

Kisha macho.
"Mstari wa tano kutoka juu. Jicho la kulia."
Akajikohoza. E, akaanza. F, P. T, O, Z.
Hakukunja uso, hakusogeza shingo.
L, P, E, D,
akatiririka kama asemaye Baba Yetu,
miaka ishirini akiisali mbele ya ukuta huu huu.

Ila ubao ule ulipasuka Jumanne.
Uliopo ni mwingine. Juu yake kabisa pana N.

Sikumkatiza. Uko uongo
unaousikiliza hadi mwisho
kwa kuiheshimu kazi iliyoingia humo.
"Vipi?" akauliza,
akitazama kando kidogo ya uso wangu,
pale sikio langu lilipo.

Nje lori lake lilinguruma, hakulizima.
Tani thelathini na sita likishashiba.
Nikaiona barabara ya ishirini na sita alfajiri,
ukungu wa mto, basi la njano la shule limesimama Minatare,
na kile kitinda mimba cha akina Ocheltree
ambacho kila siku hudondosha kitu
kikarudi kukiokota.

Fomu ina visanduku: miaka miwili, mwaka, miezi mitatu.
Hakuna cha mtu aliyebeba kanisa.

Likabaki sikio.
Sheria yasema: futi tano, mnong'ono,
pumzi iwe imekwisha kutoka,
na mpimwa arudie alichosikia.
Kwa kawaida hunong'ona vitu vya hovyo,
sabuni, sitini na sita, ndoo.
Nikasimama nyuma yake, nikatoa pumzi yote.
"Delmar. Ubao umebadilika."

Karatasi ya kitanda ikalia chini yake.
"Delmar," akarudia. "Ubao umebadilika."

"Sitii saini leo.
Nenda kwa yule mama wa macho, Gering.
Pengine ni mtoto wa jicho tu,
humtoa mtu kabla ya chakula cha mchana."

Akarudia neno kwa neno,
hata "pengine" hakuiruka,
hata "tu".

Sikio la kulia, limefaulu.

"Kuna la kushoto," akasema, bila kugeuka.
Nikahamia upande wa pili.
Nilitafuta sabuni, nilitafuta ndoo, sikuviona.
Nikanong'ona: "Nani atakuja kukuchukua?"

Hilo hakulirudia.
Akavaa kofia, akaishusha hadi kwenye nyusi.
"Funguo zimo ndani," akasema.
"Mtume kijana mmoja akalizime.
Mwambie asikanyage mafuta."